Kadi ya Chama si Kibali cha Kujenga

(Hotuba iliyotolewa na mwandalizi wa chama katika mkutano wa tawi, Mjini Unguja)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhani ni la mainjinia na makarani tu, yaani vibali vya kujenga na kutengeneza majumba ya kale ya Mji Mkongwe. Mimi nasema ni jambo letu sote, maana ni jambo la roho za watu.

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, hali mafundi wako kazini wakilitengeneza. Watu wawili wakafa. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883. Lilisalimika na mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti, 1896. Mizinga haikulibomoa, limebomoka siku za amani, mikononi mwetu wenyewe. Wala halikuanguka bila ya kutuonya, kwani mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilikwisha anguka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuona.

Wako ndugu wasemao, "Hayo ni majumba ya masultani, yaache yaanguke." Nawauliza: ni nani aliyepasua yale mawe ya matumbawe? Ni nani aliyechoma chokaa, na nani aliyekata boriti katika mikoko na kuzibeba begani? Sultani hakubeba hata moja. Na lile kanisa la Mkunazini limesimama pahala palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Tukiachia kila cha kale kiporomoke, tutapoteza na ushahidi wa mateso ya babu zetu. Tena ndani ya nyumba hizi leo hawakai masultani. Wanakaa wapangaji, wanalala watoto.

Sasa tutazame kibali. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Maji yakiingia hupata njia ya kutoka. Ukiupiga saruji, maji hufungwa ndani, chokaa hulegea, na vichwa vya boriti huoza bila mtu kuona. Siku moja dari inashuka. Kwa hiyo sheria imwambiayo mtu aulize kabla ya kutengeneza si uonevu. Tangu mwaka 1985 tunayo Mamlaka ya Mji Mkongwe kwa kazi hiyo, na Baraza la Manispaa nalo lina kazi zake za mji. Na mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia.

Lakini sheria ikimbana mdogo na kumlegezea mkubwa, hiyo si sheria tena. Mama mwenye dari inayovuja akaambiwa "njoo kesho" mpaka masika yakapita, huku mwenye hoteli akaongeza ghorofa, wananchi watasema nini? Tukumbuke Mambo Msiige: jumba la kale likafanywa hoteli, na jengo jipya likapandishwa ubavuni mwake hata Kamati ya Urithi wa Dunia ikalalamikia ukubwa wake. Maneno yalikuwa mengi, na jengo limesimama.

Ndugu zangu, tusinyoshe kidole kwa maofisa peke yao. Humu humu matawini wamo wanaopiga saruji usiku, na wamo wanaokwenda afisini wakiweka kadi ya chama mezani kabla ya ramani. Kadi ya chama si kibali cha kujenga. Anayeitumia hivyo anamdhulumu jirani yake, na anakitia chama aibu.

Basi naomba tawi hili lipeleke kwa wakubwa wetu maombi matatu. La kwanza, kila ombi la kibali kikubwa libandikwe mtaani, watu walisome na waseme kabla halijakatwa shauri. La pili, matengenezo madogo ya kuokoa nyumba, kama dari na mifereji ya maji, yapewe jibu kwa siku zinazojulikana, na akikataliwa mtu aandikiwe sababu. La tatu, vijana wetu wafundishwe kazi ya chokaa na boriti na mafundi wazee wangali hai, maana jumba haliponi kwa karatasi.

Na sisi wanachama tuanze nyumbani. Kila mmoja akirudi leo atazame ukuta wake na ukuta wa jirani yake. Akiona ufa, asingoje mkutano mwingine.

Umoja ni nguvu.