Popoo, Tumbaku na Pombe: Mjadala wa Visababishi vya Saratani ya Kinywa na Namna ya Kuielimisha Jamii

Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa skuli na masheha



1. Utangulizi

Ukimuuliza mtu yeyote barazani kama sigara ina madhara, atakujibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Ukimuuliza kuhusu popoo, wengi watakwambia haina neno, mradi isitiwe tumbaku. Elimu yetu imekwama hapo, na hapo ndipo ninapotaka tutulie leo. Dai langu ni hili: popoo peke yake, bila hata chembe ya tumbaku, husababisha saratani ya kinywa. Jambo hilo limekwisha kuthibitishwa, na sisi tuliomo humu hatujalisema kwa sauti inayotosha.

Nitaanza na ukubwa wa tatizo. Kisha nitatenganisha visababishi vilivyothibitika na vile vinavyobishaniwa bado, nizungumzie namna ya kuuona ugonjwa mapema, na nimalizie kwa mapendekezo.

2. Ukubwa wa tatizo

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, linakadiria kwamba mwaka 2022 watu wapatao 390,000 duniani waligunduliwa na saratani ya midomo na kinywa, na wapatao 188,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Watafiti wa shirika hilo walipochambua takwimu hizo, walikuta kwamba wagonjwa 120,200, yaani karibu theluthi moja, walipata saratani kwa sababu ya tumbaku isiyovutwa na popoo. Hao ni watu ambao wasingeugua kama wasingetafuna.

Wengi wa wagonjwa hao wako Asia ya Kusini, hasa India. Lakini majahazi ya kusi na kaskazi yametuunganisha na watu wa huko kwa karne nyingi, na tambuu, yaani popoo na chokaa katika jani, ni moja katika tulivyopokea tukavifanya vyetu. Mpopoo unaota Unguja na Pemba. Tambuu huandaliwa harusini, hukaribishwa mgeni, na bibi zetu huitafuna baada ya mlo. Kwa hiyo anayetaka kuzungumza juu ya saratani ya kinywa katika pwani hii ajue kwamba anagusa kitu chenye heshima, na achague maneno yake kwa adabu. Adabu hiyo isimfanye anyamaze.

3. Visababishi vilivyothibitika

3.1 Tumbaku

Hapa hakuna mjadala tena. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 70 zinazojulikana kuleta saratani. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havitoi moshi, lakini vina nitrosamini, kemikali zinazojijenga ndani ya jani linapokaushwa na kuchachushwa. Anayebana ugoro kati ya mdomo na ufizi huzilaza kemikali hizo mahali pamoja kwa saa nyingi, na mara nyingi ni papo hapo ambapo doa la kwanza hutokea. Wenzetu wa Sudan wana toombak, ugoro uliopimwa ukakutwa na nitrosamini kwa viwango vikubwa mno, na madaktari wa huko wameieleza kwa miaka mingi saratani wanayoikuta pale pale unapowekwa.

Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003 na Kenya mwaka 2007. Hata hivyo, mazungumzo yetu mengi yamebaki kwenye sigara. Mama anayenusa au kubana ugoro hajioni kuwa ni mtumiaji wa tumbaku, na akiulizwa zahanati kama anavuta, hujibu hapana kwa moyo mweupe. Swali letu ndilo linalopaswa kubadilika: tusiulize tu kama anavuta, tuulize pia anatafuna nini, ananusa nini na anabana nini mdomoni.

3.2 Popoo

Imani kwamba popoo bila tumbaku ni salama haikuzuka kwa ujinga wa watu. Mwaka 1985 IARC ilipoitathmini tambuu, ilitamka kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani, lakini kuhusu tambuu isiyo na tumbaku ikasema ushahidi haujatosha. Kwa karibu miaka 20 wataalamu wenyewe walisimama hapo, na sisi wahudumu tukawafundisha watu hivyo.

Taiwan ndiyo iliyosaidia kuumaliza ubishi. Kule watu hutafuna popoo kwa wingi na kwa kawaida hawaitii tumbaku, lakini saratani ya kinywa imekuwa ugonjwa mkubwa wa wanaume. Tafiti zilipowatenga wavutaji sigara wakaangaliwa watafunaji pekee, hatari ilibaki. Ushahidi wa aina hiyo ndio ulioifanya IARC, katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2004, itamke kwamba tambuu bila tumbaku husababisha saratani ya kinywa, na popoo yenyewe ikawekwa katika kundi la kwanza, kundi moja na tumbaku.

Inavyofanya kazi inaeleweka. Popoo ina arekolini, kemikali inayomchangamsha mtafunaji na kumtia uraibu. Chokaa inayopakwa kwenye jani hufanya kemikali hiyo itoke haraka zaidi, na mchanganyiko huo huzalisha chembe zinazoharibu vinasaba vya seli. Nyuzi ngumu za popoo nazo hukwaruza shavu kila siku. Kwa watafunaji wengine, ngozi laini ya ndani ya kinywa hukakamaa polepole: kwanza pilipili inachoma kuliko zamani, kisha shavu linakuwa gumu na jeupe, na hatimaye mtu anashindwa kufungua kinywa akaweza kutia tonge. Hali hiyo haiponi kwa kuacha tu, na inaweza kugeuka saratani. Katika utafiti uliofanyika Kerala, India, na kutolewa mwaka 1985, wagonjwa 66 wa hali hiyo walifuatiliwa kwa miaka 17, na asilimia 7.6 kati yao walipata saratani.

Ninaogopa zaidi kwa ajili ya watoto. Popoo iliyotiwa sukari na manukato, ikafungwa katika pakiti ndogo, ni rahisi kwa mtoto kuinunua na rahisi kwa mzazi kuiona kama peremende. Mtoto huyo hajakaa barazani na wazee wala hajaonja tumbaku, lakini uraibu wake umekwisha kuanza.

3.3 Pombe

Pombe ni kisababishi kilichothibitishwa tangu mwaka 1988, iwe ya kiwandani au ya kienyeji. Hatari yake huzidi inapokutana na tumbaku. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka huohuo wa 1988 ulionesha kwamba wavutaji wakubwa ambao pia ni wanywaji wakubwa walikuwa na hatari zaidi ya mara 35 kuliko wasiovuta wala kunywa. Habari njema ni kwamba mwaka 2023 wataalamu wa IARC walihitimisha kwamba kupunguza au kuacha pombe hupunguza hatari ya saratani ya kinywa. Hivyo tusimwambie mnywaji wa miaka mingi kwamba amechelewa.

3.4 Jua na virusi

Jua kali husababisha saratani ya mdomo wa nje, hasa wa chini. Wenzetu wenye ualbino wako hatarini zaidi, na kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni kinga yao ya kweli. Virusi vya papiloma, hasa aina ya 16, huleta zaidi saratani ya nyuma ya koo na mafindofindo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya virusi hivyo kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, kwa lengo la kuzuia saratani ya mlango wa kizazi.

4. Yanayobishaniwa mitaani

Jambo la kwanza ni jino. Tunasikia mara kwa mara: "Aling'olewa jino, ndipo uvimbe ukaanza." Wanaosema hivyo hawasemi uongo, wamepanga mambo kama walivyoyaona. Lakini saratani ya ufizi hula mfupa unaoshikilia jino. Jino linalegea, mgonjwa anakwenda kung'oa, kidonda hakifungi, kisha uvimbe unajitokeza. Saratani ilikuwapo kabla ya koleo. Masomo yake ni mawili: raia ajue kwamba jino likilegea ghafla bila sababu linahitaji uchunguzi, na tabibu wa meno asing'oe jino la namna hiyo kabla hajaangalia ufizi vizuri.

La pili ni mirungi. Wapo wanaosema inaleta saratani ya kinywa, wapo wanaokataa. Watafunaji wengi huichanganya na sigara, na hilo linafanya iwe vigumu kujua kipi kimefanya nini. Tusiiweke katika orodha moja na popoo kwa kuwa tu hatuipendi. Tukizidisha chumvi katika moja, watu hawatatuamini katika jingine.

La tatu ni kuchukua kinyama kwa ajili ya kipimo. Wagonjwa wengi hukikimbia kwa kuamini kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Kinachofanya usambae ni muda. Bila kinyama hicho kuangaliwa kwa darubini, daktari hawezi kuthibitisha ugonjwa wala kupanga upasuaji au mionzi.

La nne ni husuda na uchawi. Sitaki tumdhihaki mtu kwa imani yake. Anayetaka kusomewa dua asomewe, na siku hiyohiyo aende hospitali.

5. Kuuona mapema

Saratani nyingi hujificha ndani ya mwili, lakini hii hukaa mahali panapoonekana kwa kioo na tochi. Hata hivyo wagonjwa wetu wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umekwisha kutokeza shavuni au shingoni, na anayehitaji mionzi mara nyingi huvuka bahari hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Takwimu za Marekani zinaonesha kwamba saratani za kinywa na koo zikikutwa bado hazijasambaa, zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Zikiwa zimefika viungo vya mbali, ni takriban 4 kati ya 10.

Dalili za kuwafundisha watu ni hizi:

- kidonda au uvimbe wa kinywani usiopona ndani ya wiki mbili;
- doa jeupe lisilofutika kwa kitambaa, au doa jekundu, ambalo ni la hatari zaidi;
- jino kulegea bila sababu, au tundu la jino lisilofunga baada ya kung'olewa;
- ganzi ya ulimi au mdomo;
- shida ya kumeza, kuzungumza au kufungua kinywa;
- tezi ngumu ya shingoni, hata kama haiumi.

Msisitizo uwe kwenye kutouma. Mwanzoni saratani hii aghalabu haina maumivu, na watu wetu wengi huenda hospitali kwa sababu ya maumivu tu.

Wapo watakaouliza kama mhudumu asiye daktari anaweza kazi hii. Jibu liko Trivandrum, Kerala. Kuanzia mwaka 1996 utafiti uliwahusisha watu zaidi ya 190,000 wenye umri wa miaka 35 na kuendelea. Katika takriban nusu ya maeneo, wahudumu waliofundishwa, ambao hawakuwa madaktari, waliwaangalia watu vinywa majumbani mwao kwa macho tu, na waliowatilia shaka wakawapeleka kwa daktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilikuwa pungufu kwa asilimia 34 katika maeneo yaliyokaguliwa. Kwa watu wote kwa jumla, tofauti haikuwa kubwa ya kutosha kutegemewa. Basi tujue pa kuelekeza nguvu: tuanze na wanaotafuna, wanaovuta na wanaokunywa.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila tangazo, khutba, mahubiri na somo la afya linalotaja sigara litaje pia ugoro na popoo kwa majina yanayotumika mtaani.

Pili, ujumbe kwa wazee uanzie kwenye heshima. Bibi aliyetafuna miaka 40 hataacha kwa kukaripiwa. Aangaliwe kinywa kwanza, aambiwe kilichoonekana, asaidiwe kupunguza hadi aache. Harusi itabaki harusi hata sinia ikipita na halua na kahawa bila tambuu.

Tatu, walimu walete somo la popoo darasani kabla watoto hawajamaliza skuli ya msingi, na masheha wazungumze na wenye maduka yaliyo karibu na skuli.

Nne, mhudumu wa jamii apewe tochi, glavu, kijiti cha kukandamizia ulimi na fomu fupi ya rufaa, na ajue jina la kituo anachompeleka mtu. Kumtisha mtu bila kumwelekeza pa kwenda kunamfanya ajifiche.

Tano, matabibu wa meno waangalie kinywa kizima cha kila anayeketi kwenye kiti chao: pande za ulimi, chini ya ulimi, mashavu, ufizi na kaakaa. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili.

7. Maswali ya majadiliano

Naomba makundi yetu yajibu maswali matatu. Katika shehia yako, nani huuza popoo, na nani huinunua zaidi? Mtu akikutwa na doa jeupe leo, atapelekwa wapi, kwa nauli ya nani, na nani atafuatilia kama alifika? Na nani mwenye kauli inayosikika, imamu, kungwi, mwalimu au mwenyekiti wa timu ya mpira, atakubali kusema hadharani kwamba popoo inaua?

Majibu yaandikwe pamoja na majina ya wahusika na tarehe, ili tukikutana tena tuulizane kilichofanyika.