Bonde Lipimwe Kabla ya Nyumba Kujengwa



Mfanyakazi anahitaji nyumba. Jambo hilo halina mjadala. Jiji la Dar es Salaam linakua, na kila mpango wa makazi mapya hupokewa kwa matumaini. Lakini mpango huo unapogusa ukingo wa bonde au ardhi oevu, swali la kwanza haliwezi kuwa nyumba ngapi zitajengwa. Swali la kwanza ni hili: maji yatakwenda wapi?

Ardhi oevu si ardhi iliyolala bure. Mvua inaponyesha, majani na udongo wake huyapokea maji, huyapunguzia kasi, huyachuja, kisha huyaachia kidogo kidogo. Anayemwaga kifusi ili kuinua kiwanja chake hayaondoi maji hayo. Huyahamishia kwa jirani. Ndiyo maana ukavu wa kiwanja kimoja waweza kuwa gharika ya mtaa mzima.

Ushahidi upo katika Bonde la Msimbazi. Mto huo huanzia vilima vya Pugu, ukapita Kigogo na Jangwani, ukaingia baharini karibu na Daraja la Salenda, penye mikoko. Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde hilo kuwa ardhi ya hatari, isiyofaa kwa makazi. Onyo liliandikwa, na nyumba zikajengwa. Waliojenga hawakuwa wajinga. Bonde li karibu na Kariakoo, ambako riziki hupatikana, na viwanja vilivyopimwa havikutosha wala havikulingana na kipato chao. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha. Watu zaidi ya 40 walikufa jijini, na waathirika wengi wakahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao.

Wala kosa si la mnyonge peke yake. Karakana ya mabasi yaendayo haraka nayo ilijengwa Jangwani. Tangu huduma ilipoanza mwaka 2016, mafuriko yameivamia zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kulirekebisha bonde hilo. Mkopo ni deni, na deni hulipwa na Taifa zima.

Ndugu, sheria haikukosekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi unaoweza kuathiri mazingira ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na wananchi wasikilizwe. Inakataza pia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kinachopungua ni utaratibu wa kuiheshimu tathmini hiyo. Ikiandaliwa baada ya viwanja kuuzwa na misingi kuchimbwa, hiyo si tathmini tena, bali ni stakabadhi ya jambo lililokwisha amuliwa.

Tathmini ya kweli ina dalili zake. Hulipima bonde wakati wa masika, si wakati wa kiangazi peke yake. Hulinganisha eneo lililochaguliwa na maeneo mengine, na haiogopi kusema kwamba hapa pasijengwe. Hueleza majitaka ya nyumba hizo yatapelekwa wapi. Huandikwa kwa lugha ambayo mwenye shamba la mchicha bondeni aweza kuisoma na kuihoji. Tena huwauliza wazee wa mtaa maji yalifika wapi miaka iliyopita, kwa kuwa alama za ukutani hazidanganyi.

Hapa ndipo wajibu wa mtumishi na wa mwalimu unapoanza. Afisa ardhi asitie sahihi kwenye ramani ambayo hajaikanyaga kwa miguu. Mtendaji wa kata asiitishe mkutano wa wananchi siku moja kabla ya kazi kuanza. Mwalimu awatoe wanafunzi darasani, wapime kina cha mto na kuweka kumbukumbu mwaka hata mwaka. Siku mradi utakapoletwa, kijiji au mtaa utakuwa na takwimu zake.

Nyumba za wafanyakazi zijengwe, tena nyingi, mahali ambapo mwenye nyumba atalala usingizi mvua inaponyesha. Gharama ya kupima bonde hulipwa mara moja. Gharama ya kutolipima hurudi kila masika.