Picha za Usiku, Kutoka Temeke Hadi Mabwepande

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, taa za Uwanja wa Taifa, Temeke, zilizimwa. Bendera ya Uingereza ikashushwa gizani. Taa zilipowaka tena, ya Tanganyika ilikuwa juu ya mlingoti. Mpiga picha aliyetaka kuinasa saa ile ilimpasa ajue mapema mambo mawili: mwanga utatoka wapi, na utarudi lini.

Uwanja ule sasa ni Uwanja wa Uhuru. Maswali yale mawili, msikilizaji, bado yanamhusu kijana mwenye simu yake Mbagala Rangi Tatu au Mwananyamala, kwa sababu mitaa hii huchangamka jua likishazama. Muuza chipsi anawasha taa, mama lishe anapanga meza, wageni wa sendofu ndio kwanza wanaingia ukumbini. Na jua la Dar es Salaam halisubiri mtu. Huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10 jioni, kulingana na mwezi, kisha nuru ya mbinguni hudumu dakika 20 na ushee tu. Dakika hizo ndizo za kuvizia: mbingu ina buluu, bulbu zimeshawashwa, na nyuso bado zinaonekana.

Giza likishakolea, wengi hukimbilia flashi. Flashi ndogo ya simu haifiki mbali. Ni mita mbili tatu. Anayepiga jukwaa la singeli Manzese akiwa nyuma ya umati atamulika visogo vya waliomtangulia, na msanii atabaki kivuli. Mzoefu huizima na kusogea mbele. Humtafutia mtu wake taa iliyopo, iwe bulbu ya kibanda au taa ya duka la dawa, akamgeuza uso uielekee kwa ubavu kidogo. Kabla ya hapo ameshafuta lenzi kwa kitambaa safi, maana alama ya kidole yenye mafuta huifanya kila taa itapakae kama ukungu.

Kisha kuna mkono. Simu ikiwekwa katika hali ya usiku hupiga picha kadhaa kwa sekunde moja mbili na kuziunganisha kuwa moja, kwa hiyo mtu aegemee nguzo, viwiko avibane mbavuni, apumue taratibu. Asivute picha kwa vidole; ni afadhali hatua tatu za miguu.

Mwenye kamera afungue lenzi hadi f/1.8 kama inaruhusu, apandishe ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 1600 au 3200, na kasi ya shata aiweke 1/100 ya sekunde. Chenga kidogo zinavumilika, lakini uso uliotikisika hautengenezeki. Kasi hiyo ya 1/100 ina sababu yake. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za ukumbini hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Kasi ikizidi hapo, baadhi ya taa huacha michirizi ya giza kwenye picha.

Ngozi nyeusi nayo inahitaji jicho la mtu. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu. Hata leo, kamera ikiachiwa iamue yenyewe mbele ya bibi harusi, weupe wa shela huidanganya, nayo hupunguza mwanga hadi uso unapotea. Dawa ni kugusa uso wake kwenye kioo cha simu, kuongeza mwanga kidogo, na kuhakikisha shela halijaungua.

Picha ikishapatikana, kazi iko nusu. Mpiga picha Mohamed Amin alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963, na ingawa alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1996, picha zake ziliendelea kutafutwa na kutumika kwa kuwa zilikuwa na mahali pake. Lakini mpiga picha mwenzake, Priya Ramrakha wa Kenya, aliuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra mwaka 1968. Sehemu kubwa ya picha zake ililala miongo kadhaa katika gereji jijini Nairobi, mpaka ndugu yake Shravan Vidyarthi alipozifukua.

Na picha nyingi hazipati wa kuzifukua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande, Kinondoni. Maji yakiingia nyumbani hubeba godoro na albamu kwa pamoja. Siku hizi hata mafuriko hayahitajiki. Simu ikiibwa kwenye daladala, miaka mitano ya familia imekwenda.

Utaratibu wa kuzitunza picha hauna gharama kubwa. Kila tukio lipewe folda yenye mwaka, mwezi, siku, mahali na jambo lenyewe: 2024-06-15 Tandika harusi. Mwaka ukitangulia, folda hujipanga zenyewe. Picha mbovu zifutwe wiki hiyohiyo. Zinazobaki ziwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya intaneti. WhatsApp isihesabiwe kuwa ghala, kwani picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Itumwe kama dokumenti.

Leo kabla ya kulala, msikilizaji, chagua picha tano tu. Ziandikie tarehe, mahali na majina ya waliomo, kisha uziweke mahali pa pili. Na kama nyumbani kuna bibi au babu, anza na zake, umkalishe chini akutajie kila sura, maana wengine waliomo humo anawajua yeye peke yake.