Ufashisti haukufa na Mussolini

Leo tuongee juu ya neno moja tunalolitupa ovyo. Polisi akitusukuma, tunamwita fashisti. Lakini Waitalia, wenye neno lenyewe, wanatufundisha nini?

Oktoba 1922, Mussolini hakuvunja mlango wa serikali. Mfalme alimwita, akampa. Mwezi uliofuata kijana mmoja wa Torino, Piero Gobetti, aliyekuwa na miaka 21 tu, aliandika katika gazeti lake kwamba ufashisti ni historia ya maisha ya taifa lenyewe. Maana yake: huu ugonjwa haukutoka nje. Ulikuwa ndani ya watu waliochoka kubishana, wanaongojea mkubwa mmoja awamalizie matatizo yote. Mafashisti walimpiga. Alikufa Paris mwaka 1926, bado hajafika miaka 25.

Mwaka 1931 serikali ilidai maprofesa wa vyuo vikuu waape kuutii utawala huo. Walikuwa zaidi ya 1,200. Waliokataa? Kama 12 hivi. Wale wengine hawakuwa wote watu wabaya. Wengi waliapa juu ya mshahara, juu ya watoto. Ni hivyo utawala wa mabavu unaishi: kwa saini za watu wazuri.

Umberto Eco alikulia humo. Akiwa na miaka 10 alishinda zawadi ya kuandika insha iliyokubali kwamba inafaa kufa kwa utukufu wa Mussolini. Mwaka 1995, akiwa mzee wa kitabu, alihutubia wanafunzi huko New York akataja alama 14 za ufashisti usiokufa. Moja ni hii: kumwita msaliti mtu mwenye wazo tofauti. Akaonya kwamba hata alama moja inatosha ili ugonjwa uanze kujikusanya. Na safari ijayo hauji lazima na shati nyeusi.

Sasa tujiulize sisi wenyewe, bila haya. Mwenzetu akisimama katika mkutano na kusema "hapana, hapo tumekosea", tunamfanya nini? Tunamsikiliza, ao tunasema amenunuliwa?

Tukimfukuza juu ya hilo neno tu, tusihangaike kumtafuta fashisti mbali. Ameshaingia, amekaa kiti cha mbele, na ni sisi tulimpokea.

Sasa mwenye kupinga aanze kusema.