Kompyuta Zilizolala Stoo

Kompyuta iliyokosa masasisho ya bure ya Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025 haijaharibika. Kioo kinawaka, feni inazunguka, vitufe vinaandika. Kilichokoma ni ulinzi wa programu. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Kigali mashine ya namna hiyo hupelekwa stoo, na ikishaingia stoo haitoki tena.

Taka nyingine zina zamu. Gari hupita mtaani, kaya hulipa ada, mzigo huelekea dampo la Nduba. Kompyuta haina zamu. Kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki kipo: kile cha wilaya ya Bugesera, chini ya Enviroserve Rwanda, kilijengwa kiweze kushughulikia tani 10,000 kwa mwaka, na wilaya zina vituo vya kukusanyia. Kanuni za RURA, mamlaka ya udhibiti ya Rwanda, zipo tangu 2018. Lakini kompyuta haina zamu, na mama wa mtaa wa Kimisagara hatapanda basi amepakata monita.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa ipasavyo. Stoo za Kigali zimo katika ile sehemu kubwa iliyobaki.

Kuna pia hofu, na ina msingi wake. Ndani ya mashine mna picha za arusi, nakala za vitambulisho, hesabu za duka. Kufuta faili peke yake hakutoshi, kwa kuwa data hubaki kwenye diski mpaka iandikwe nyingine juu yake. Fundi mwaminifu huisafisha diski nzima mbele ya mwenyewe, au huichomoa akamrudishia.

Ufundi uliobaki si wa kutisha. Vumbi hupulizwa, diski ya kuzunguka huipisha SSD, kumbukumbu huongezwa, Linux huwekwa bila ada. Mashine mbili mbovu mara nyingi hutoa moja nzima. Zisizofufuka ndizo za kuogopwa: vioo vya monita nene za zamani vina madini ya risasi, na betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kulipuka moto.

Basi zamu ipatikane. Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu wamekwisha toka majumbani kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Kila umudugudu, yaani kijiji, uweke meza, daftari na fundi mmoja. Nchi iliyoondoa mifuko ya plastiki mwaka 2008 haiwezi kushindwa na meza! Stoo zifunguliwe. Kila mwenye kompyuta ailete na chaja yake, aandikishe jina, asimame aone diski ikisafishwa. Zinazopona ziende shule ya karibu, namba ya fundi ikiwa imebandikwa kwenye kifuniko. Zisizopona zipakiwe gari moja siku hiyohiyo kwenda Bugesera, kabla betri hazijavimba.