Bunduki ya Babu na Maneno ya Muuzaji
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika kumi tu. Nitazitumia kueleza kwa nini kabati la kumbukumbu lililo karibu na maktaba bado lina nafasi tupu, na kwa nini fedha mlizochanga kwa ajili ya nafasi hiyo nimezirudisha kwa Mweka Hazina, senti kwa senti.

Mnakumbuka tuliazimia kupata bunduki moja ya askari wa Afrika Mashariki wa Vita Kuu ya Kwanza, izibwe isiweze kupiga tena, iwekwe kabatini ili vijana waone babu zao walibebeshwa nini. Wakati ule Serikali ilikuwa imenipeleka Marekani kwa masomo ya mwaka mmoja. Kamati ikaniandikia kwamba huko bunduki za zamani zinauzwa kama mihogo. Nitafute moja, ndipo tuanze kuomba vibali.

Kamati haikukosea sana. Marekani raia wamekuwa wakinunua bunduki zilizoachwa na majeshi ya nchi nyingine kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 1968 ilizuia kuziingiza nchini, lakini mwaka 1984 mlango ulifunguliwa tena kwa zile zinazohesabiwa kuwa vitu vya kale. Zikaja kwa makasha kutoka Urusi, Uturuki na Yugoslavia, zimepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mzee mmoja, fundi chuma mstaafu, mwenye kovu refu chini ya jicho la kulia. Jumamosi moja tulikwenda pamoja kwenye maonyesho ya silaha. Kwenye meza ya tatu nikaiona: Mauser ya Kijerumani, mbao zake zinang'aa, na kikaratasi kimefungwa kwa uzi: "Bunduki ya askari wa Afrika Mashariki ya Wajerumani." Bei, dola 1,800. Ndugu zangu, moyo ulinienda mbio. Babu mzaa babu yangu alikuwa askari wa Wajerumani, akapigana Tanga mwezi Novemba 1914. Nilikwisha kutoa pochi ili niweke malipo ya kwanza.

Mzee yule akanishika mkono. "Usisome karatasi," akaniambia. "Soma chuma."

Juu ya chuma, pale mtutu unapoanzia, palichapwa herufi "byf" na namba 43. Mimi, mwenye shahada ya Chuo Kikuu, nilidhani ni jina la ofisa na namba ya kikosi chake. Kumbe "byf" ni alama ya siri ya kiwanda cha Mauser huko Oberndorf, na 43 ni mwaka 1943. Bunduki ya aina ile ilianza kutumiwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1935. Vita ya babu yangu ilikwisha mwaka 1918!

Akaigeuza ubavu wa kushoto. Rangi ya chuma mahali pamoja ilikuwa mpya kuliko kwingine, na pamebonyea kidogo. Akanieleza kuwa Warusi waliteka bunduki nyingi za namna hii katika Vita Kuu ya Pili, wakazifungua, wakazisafisha na kuzifunga upya bila kujali sehemu ipi ilitoka kwenye bunduki ipi, kisha nyingi wakazipiga chapa ya X. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa bunduki ambayo sehemu zake zote zina namba moja tangu kiwandani. Kwa hiyo wako watu wanaoisaga X ile na kuchapa namba mpya ili zilingane. Namba ya kwenye komeo, yaani kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachoifungia risasi ndani, ilikuwa na tarakimu za umbo jingine kabisa. Tena chini ya mdomo wa mtutu palikuwa na maandishi madogo sana ya jina la mwagizaji na mji wake, ambayo sheria ya huko humtaka mwagizaji ayachape. Muuzaji alikuwa amekwisha kuniambia kuwa bunduki ile ililetwa na familia ya ofisa mmoja wa Kiingereza.

Hapo nikauliza swali la kipumbavu: "Hata kama siyo ya babu, si bado ni bunduki nzuri?" Mzee akagusa kovu lake. Ujanani alinunua bunduki ya jeshi, ya kweli kabisa, ila komeo lake lilitoka kwenye bunduki nyingine. Nafasi baina ya komeo na kitako cha risasi ilikuwa imezidi kidogo tu, pungufu ya unene wa ukucha. Ganda la risasi likapasuka, moto wa baruti ukarudi nyuma usoni mwake. Fundi wa bunduki mwenye kipimo chake angeyaona hayo kwa dakika chache.

Basi nikajifunza kwamba maswali ni mawili, nayo hayafanani. La kwanza: je, ni ya kweli? La pili: je, ni salama? Huko Darra Adam Khel, Pakistan, mafundi wamekuwa wakiiga bunduki za Kiingereza kwa mkono tangu zamani, na nyingine huonekana zina taji la Malkia Victoria pamoja na tarehe ya baada ya kifo chake mwaka 1901, au herufi N iliyogeuzwa. Hizo si za kweli wala si za kuaminika. Lakini ziko pia bunduki za Marekani za Springfield, za mfano wa mwaka 1903, zenye namba chini ya 800,000. Ni za kweli, za kiwanda cha serikali. Walakini chuma chake kilipashwa moto kwa kukadiriwa kwa macho ya mfanyakazi, kingine kikaungua na kuwa chepesi kuvunjika. Baadhi zilipasuka mikononi mwa wapigaji, na mwaka 1918 utaratibu ukabadilishwa. Muhuri wa serikali haukumkinga mtu. Nasema haya nikiwa mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni mihuri.

Jioni ile nikakumbuka jambo lililonitia haya. Marehemu bibi yangu alizoea kutusimulia maneno ya mkwewe: kwamba bunduki yake ilikuwa adui yake, maana kila alipopiga ilitoa moshi kama jiko la kuni mbichi, na maadui wakajua alipolala. Sisi wajukuu tulicheka. Nilipokwenda maktaba nikasoma kwamba mwaka 1914 makombania mengi ya askari wa Wajerumani huku kwetu yalikuwa bado na Mauser ya mfano wa 1871, ya baruti nyeusi yenye moshi mwingi. Na walipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, mwezi Novemba 1918, karibu bunduki zao zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno walizoteka. Bibi, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuwa na ushahidi uliomshinda muuzaji. Mimi nilikuwa nao tangu utoto, lakini nilikuwa tayari kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa michango yenu.

Wadogo zangu, nina maneno mawili kwenu. Kwanza, ikiwa nyumbani kwenu iko bunduki ya zamani darini, usiiguse wala usiijaribu, hata ukiambiwa kwamba ni mbovu au haina risasi. Mwambie mzazi wako, naye atoe taarifa polisi. Pili, wazee wenu wangali hai. Waulizeni, mwandike na jina la msimulizi na tarehe, kisha mkalinganishe na vitabu.

Ndugu Mwenyekiti, naleta hoja mbele ya mkutano huu. Fedha zile zinunue madaftari na chombo cha kurekodia sauti, vijana waende vijijini likizo ijayo. Masimulizi watakayoleta ndiyo yawekwe kabatini. Mwenye kupinga asimame sasa, kabla pilau halijafika.