Usingizi wa Kwenye Taksi

Huenda saa hizi uko ndani ya taksi, umekwama kwenye jamu ya Barabara ya Jinja, jijini Kampala, kichwa umekiegemeza dirishani. Macho yanajifumba yenyewe. Mara unamwona mama anapima kitambaa kwa mundu, mikungu ya matoke inapanda ngazi. Mkoba unakuponyoka, unashtuka, na kondakta anaita, "Banda! Kireka!"

Lepe hilo tunalidharau, na tunapoteza mengi.

Mwaka 2021 watafiti wa Paris, akiwemo Delphine Oudiette, walitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwapa watu mafumbo ya hesabu yenye njia ya mkato iliyofichwa, kisha wakawapumzisha kitini, gizani, kila mmoja kashika kikombe. Usingizi ukimchukua, kikombe kinaanguka, anaamka. Waliopata usingizi mwepesi wa angalau sekunde 15, 83 katika kila 100 waliigundua njia ile. Waliobaki macho, kama 30. Waliozama zaidi, 14! Kwa maoni yangu, akili inayosinzia bado inafikiri, ila imeacha kujikemea. Mambo yasiyojuana mchana yanapata kukutana.

Lakini mawazo hayo huyeyuka upesi. Otto Loewi, mwanasayansi aliyefanya kazi Austria, aliota jaribio la mioyo ya vyura. Akaamka, akaandika, akalala tena. Kulipokucha, mwandiko wake mwenyewe ukamshinda kusoma. Ndoto ikamrudia usiku uliofuata, na safari hiyo hakungoja: aliondoka usiku uleule kwenda maabara. Jaribio hilo lilionyesha kwamba neva hupeleka ujumbe kwenye moyo kwa kemikali, na mwaka 1936 akapata Tuzo ya Nobeli.

Kwa hiyo wewe fundi cherehani wa Kiyembe, wewe mwalimu, wewe mtunzi wa nyimbo: lala na swali lako. Ukizinduka, usiguse simu kwanza, maana ujumbe mmoja tu unatosha kufuta kila kitu. Andika maneno matatu, hata kama hayana maana. Ila ukiwa nyuma ya boda boda, tafadhali, usisinzie kabisa.

Mimi nimefunga penseli kwa uzi kwenye chandarua. Yule mama mwenye mundu ni wangu: nilimwandika alfajiri, kabla adhana ya Kibuli haijakwisha, na ndipo kipindi hiki kilipoanzia.